Maswali yote tunamuuliza aliyepigwa

Mi ni msusi. Nasuka mwaka wa 14 sasa, nilianza barazani kwa mama nimekaa kwenye mkeka nasuka watoto wa shule kwa buku buku mpaka nikapata chumba changu huku Temeke, viti vitatu, drayeri mbili na kioo kikubwa kimoja. Nawaambia hivi ili mjue mengi ya haya ninayoandika nimeyaona nikiwa nimesimama nyuma ya mtu nimeshika kitana.

Ukitaka kusuka rasta lazima kwanza uchore mistari kwa mkia wa kitana, yaani kichwa chote cha mtu unakiona, hamna pa kujificha. Na msusi mzoefu anajua tofauti. Rasta zikikazwa sana nywele zinaondoka pembeni, kwenye paji la uso na juu ya masikio, zinaondoka kidogo kidogo na pale panabaki laini. Sasa kuna upara mwingine unaukuta utosini au kisogoni, pale ambapo mkono wa mtu ukikamata unajaa, umezungukwa na nywele zenye afya kabisa na ngozi yake bado ina vidonda vidogo vidogo. Hapo usiniambie habari ya dawa kali. Hapo nywele zimeng'olewa.

Mwaka juzi, Jumamosi mchana, alikuja dada mmoja mteja wangu wa siku nyingi (nimebadilisha vitu kadhaa asijulikane), mtu wa kucheka sana, akaniambia leo anataka mtindo wa kulalia upande wa kushoto. Nikamwambia huo na uso wako haviendani, twende kilioni ndo inakupendeza, akasema hapana anti, kushoto. Nikaanza kuchora mistari, kufika juu ya sikio la kushoto nikakuta. Ukubwa wa kifuniko cha soda. Nikanyamaza. Kwenye kioo tukaangaliana, akainamisha macho, akaniambia kwa sauti ya chini "hapo usipake mafuta, panawasha". Nikasuka kichwa chote, pale nikapita kwa juu, nikafunika.

Alipoondoka ndo nikaumia zaidi, maana kumbe wateja waliokuwa wanasubiri walikuwa wameona. Mama mmoja mtu mzima kabisa akasema "kwani kamfanyaje mumewe?" Wa pili akadakia "na mdomo ule alionao." Wa tatu akasema "angekuwa anateswa kweli si angeondoka." Dakika mbili, watu watatu, na wote wanamsomea mashtaka yeye. Hakuna hata mmoja aliyeuliza yule mwanaume imekuwaje mpaka anang'oa nywele za mtu kichwani. Na mimi pia sikuuliza. Toka siku ile nikaanza kusikiliza vizuri, saluni, msibani, kwenye daladala, na nikagundua ni hivo hivo kila mahali, stori ikianza tu maswali yote anaulizwa aliyepigwa.

Kabla sijaendelea niseme la kwangu, maana sitaki muone nawanyooshea vidole wengine.

Mdogo wangu, wa tumbo moja, aliolewa mkoani. Mwaka wa pili wa ndoa akarudi nyumbani usiku na mtoto mgongoni, midomo imevimba. Kikao kikaitwa. Baba mdogo akasema vyombo vikiwa kabatini havikosi kugongana, mama akalia akasema hata yeye alivumilia mpaka akatuzaa sisi wote sita, mume akaitwa akaja kwa adabu zote, kashika kofia mkononi, akaomba radhi kwa wazee, akapigwa faini ya mbuzi, akalipa siku hiyo hiyo. Watu wakala. Mimi ndo nilimsindikiza mdogo wangu stendi, nilimbebea begi kwa mkono wangu huu, na nilimwambia kwenye dirisha la basi "vumilia, ndoa ndo zilivo." Miezi kama saba baadaye alipigwa kofi la sikio. Mpaka leo sikio la kushoto halisikii, ukimwita kutoka upande huo hageuki, na kila akikaa kwenye kundi la watu anatafuta kiti cha pembeni ili watu wote wawe kulia kwake. Hakuna siku namwona anatafuta kile kiti nisikumbuke lile dirisha la basi. Yule mbuzi tulimla, mdogo wangu ndo aliyelipia.

Kwa hiyo nikisema haya yanayosemwa siyo ya kweli, naongea kama mtu niliyewahi kuyasema.

Tuanze na hili la hasira. "Mume wangu ana hasira sana", "akikasirika hajitambui". Nilikuwa naamini kabisa. Lakini hebu fikiria, huyu mtu anafokewa na bosi wake kutwa nzima, mbona bosi hapigwi? Trafiki anamsimamisha barabarani anamwandikia faini, mbona trafiki hali kofi? Anabishana na konda kuhusu chenji anashuka anaenda zake. Hasira anazo na anaziweza vizuri tu, mpaka afike nyumbani afunge mlango. Halafu angalia anapopiga. Mgongoni, mapajani, kwenye mbavu, kichwani kwenye nywele, mahali gauni na kitenge na wigi vinafunika. Yule mteja wangu usoni hakuwa hata na mchubuko. Mtu asiyejitambua hachagui pa kupiga jamani. Nimeshasuka wanawake ambao waume zao walikuwa wanazima muziki kwanza, wanafunga dirisha, ndo wanaanza. Hiyo ni kazi mtu anaifanya akili zikiwa timamu, anajua anataka nini, anataka ukiambiwa kaa ukae.

Pombe nayo ni hivo hivo. Sisemi pombe haina makosa, pombe inazidisha, siku ya kipigo kikali mara nyingi chupa ipo. Ila walevi wangapi wanarudi nyumbani wanaimba barabara nzima wanalala na viatu na hawajawahi kumgusa mtu? Na wangapi hawajawahi kuonja hata bia moja, wanaongoza maombi, wanaadhini, na ndani kwao wanaogopwa kama simba? Tukisema "ni pombe tu, akiacha atatulia", mwanamke anakaa miaka kumi anasubiri mtu aache pombe. Wapo walioacha na hawakutulia.

Halafu hili la mtu mpole. "Fulani? Yule mpole yule? Hawezi." Kuna mwanaume mtaa wa pili, ukimpa begi lako la mboga anakusaidia mpaka mlangoni, misibani wa kwanza kufika, michango hajawahi kukwepa. Mkewe alipokuja kusema hakuna aliyemwamini, hata mjumbe alimuuliza mara mbili "una uhakika mama?" Unamuuliza mtu kama ana uhakika kwamba kapigwa! Upole wa nje ndo ulinzi wake, anauwekeza kama mtu anavyoweka akiba, siku mke akifungua mdomo mtaa mzima unamtetea mume. Wahenga walishasema siri ya mtungi aijuaye kata, sisi tunaona mtungi umechorwa vizuri tunadhani tumeshajua ladha ya maji.

Kuna wanaosema mambo haya ni ya watu wasiosoma, wa uswahilini, wasio na hela, au ni ya kabila fulani (kuna makabila ya kanda ya ziwa tunayasingizia kila siku, kama vile huku Pwani hakuna anayepigwa). Mi nasuka wauza mchicha na nasuka wafanyakazi wa benki, vichwa vinafanana. Na kama hamniamini mimi angalieni majirani zetu Kenya. Agnes Tirop, Septemba 2021 alivunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 barabarani kwa mbio za wanawake peke yao, kule Ujerumani, dakika 30 na sekunde moja. Mwezi mmoja baadaye, Oktoba, akakutwa amechomwa kisu nyumbani kwake Iten, miaka 25 tu, na aliyeshitakiwa kwa mauaji ni mumewe. Miaka mitatu mbele Rebecca Cheptegei, Mganda, anaishi Trans Nzoia, katoka kukimbia marathoni ya Olimpiki ya Paris Agosti 2024. Tarehe 1 Septemba, Jumapili, katoka kanisani na watoto, mwanaume aliyekuwa na uhusiano naye akammwagia petroli akamwasha. Akafia hospitali Eldoret tarehe 5. Walikuwa wanagombania kiwanja alichonunua yeye kwa jasho lake. Sasa niambieni, hawa walikosa nini? Hela walikuwa nayo, nguvu walikuwa nazo, wangeweza kumkimbia mtu yeyote duniani kwa miguu yao. Wanariadha wenzake Agnes baada ya kumzika waliunda kikundi cha kusaidia wanawake wakakiita Tirop's Angels, kwa sababu waliona kwamba kwao huko, mwanamke akianza kushinda na kuingiza pesa, wapo wanaume wanaojisogeza kama kocha, kama meneja, kama mume, halafu kiwanja na akaunti vyote vinahamia kwa jina la mwanaume.

Na hapo ndo nafika kwenye pesa, maana watu wengi wakisikia ukatili wanawaza ngumi tu. Nina mteja ambaye hajawahi kupigwa hata siku moja. Mumewe anamwachia elfu tano ya matumizi, jioni anadai hesabu mpaka ya kiberiti. Simu yake namba ya siri anayo mume, M-Pesa yake mume anaitoa. Alikuwa na kibanda cha chipsi kinaenda vizuri tu, mume akamwambia funga, wanaume wanakuangalia. Ndugu zake hawaji, maana wakija mume ananuna wiki nzima. Anakuja kusuka na mume anapiga simu ya video kila nusu saa aonyeshwe kiti kakaa, na mimi nionyeshwe. Siku moja akaniambia "anti mi sipigwi, nashukuru Mungu", na mikono yake inatetemeka kwa sababu chaji ilikuwa imebaki asilimia nne. Asilimia nne! Nilichomoa drayeri nikachomeka simu yake. Huyo hana alama hata moja mwilini lakini yuko kifungoni. Kenya sheria yao ya mwaka 2015 ya kujikinga na ukatili wa nyumbani imeyataja haya waziwazi, kumnyima mtu pesa, kumfuatafuata, kumtesa kwa maneno. Sisi Tanzania sheria moja ya namna hiyo hatuna, mambo yamesambaa huku na huku, kidogo kwenye Sheria ya Ndoa, kidogo kwenye Kanuni ya Adhabu, na hata kubaka, kwenye sheria yetu ya 1998 mume hahesabiwi kumbaka mkewe mpaka wawe wametengana. Mi hilo linaniuma na sitaacha kulisema.

Ila msidhani sheria haisemi kitu kabisa. Kuna siku wasaidizi wa kisheria walipita mtaani kwetu, wakakaa pale ofisi ya serikali ya mtaa, mmoja wao akasoma kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kinasema, kwa maneno yangu mimi, kwamba hata kama mila inasema vinginevyo hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko. 1971! Mama yangu alikuwa hajaolewa bado. Yaani miaka yote ile mama anavumilia, baba mdogo anatuambia habari za vyombo na kabati, sheria ilikuwa imeshaandikwa iko kwenye kitabu na hakuna aliyetuambia. Wanawake pale walicheka, sio kwa dharau, walicheka kwa kushangaa, bibi mmoja akauliza "imeandikwa kweli?" akaomba aonyeshwe kwa kidole.

Na tusiwasingizie wanaume tu. Ule utafiti mkubwa wa afya na idadi ya watu wa 2015-16 uliuliza watu nchi nzima kama mume ana haki ya kumpiga mke kwa sababu hata moja kati ya tano, kaunguza chakula, kabishana naye, katoka bila kuaga, hajali watoto, kamnyima unyumba. Wanawake asilimia 58 wakasema ndiyo. Wanaume asilimia 40. Soma tena, sisi ndo tuliosema ndiyo wengi zaidi! Na utafiti huo huo ukakuta wanawake 4 kati ya 10 wameshapigwa toka wafike miaka 15. Nilipojua hizo namba sikushangaa sana, mi nimeshahudhuria kichen pati za kutosha, nimeshasuka mabibi harusi wasiohesabika, na najua somo anasema nini akifunga mlango. "Mwanamke mwerevu hujenga nyumba yake." "Ya ndani usiyatoe nje." "Funika kombe mwanaharamu apite." Tunamfunga mtoto wa watu mdomo kwa khanga mpya kabla hata hajafika kwa mume. Na dini tunaiingiza hapo tukichagua tunapopataka. Biblia inawaambia waume wawapende wake zao wasiwe na uchungu nao, Mtume naye amefundisha kwamba mbora wenu ni yule aliye mbora kwa watu wa nyumbani kwake, sasa hayo mbona hatumfundishi bwana harusi?

Haya, sasa "kwa nini haondoki". Hili ndo swali ninalolichukia kuliko yote, ingawa najua wengi wanaliuliza kwa nia nzuri.

Kwanza anaondoka. Wengi wanaondoka mara nyingi tu, sisi ndo tunawarudisha. Mdogo wangu aliondoka, nilimrudisha mimi. Pili aende wapi? Kwao mahari imeshaliwa, kaka ameshaolea mahari ile ile, akirudi anaonekana anadai ng'ombe zao. Chumba kupanga ni kodi ya miezi mitatu au sita kwa mpigo, na pesa hana, kibanda cha chipsi kilishafungwa. Watoto, akiwaacha anaambiwa mama gani huyu, akiwachukua anaambiwa kaiba watoto wa ukoo. Na wengi wanaamini kabisa ukiondoka umepoteza haki ya kila kitu, nyumba, kiwanja, watoto. Hiyo siyo kweli. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ilisema kazi za nyumbani, kupika, kufua, kulea, ni mchango kwenye mali za ndoa. Yeye mwenyewe Bi Hawa hakuambulia mgao kwenye kesi ile, lakini msingi aliouacha wanawake wengi wamesimama juu yake toka hapo. Mwanamke anayesema "mi nilikuwa mama wa nyumbani tu sina changu" aende aulize, msaada wa kisheria wa bure upo, kuna TAWLA, kuna WLAC, kuna wasaidizi wa kisheria huku huku kwenye kata.

Lakini sababu kubwa kuliko zote ni ile watu hawataki kuisikia. Anaogopa kufa. Na ana haki ya kuogopa, kwa sababu wakati wa kuondoka na siku za mwanzo baada ya kuondoka ndo wakati mbaya kuliko wote. Mtu aliyezoea kukutawala akiona unamponyoka ndo anafanya asichowahi kufanya. Umoja wa Mataifa walihesabu mwaka 2023 wanawake na wasichana kama 51,100 duniani waliuawa na wapenzi wao au ndugu zao wenyewe, hiyo ni kama 140 kila siku, na Afrika ndo tunaongoza. Kwa hiyo ukimwambia mtu "ondoka leo leo" halafu unarudi kwako unalala, umemwachia hesabu ngumu peke yake. Yeye anamjua huyo mtu kuliko wewe. Anajua akiwa kimya ni kimya cha aina gani.

"Nakaa kwa ajili ya watoto, watoto wenyewe hawaoni, huwa wamelala." Wanaona. Yule mteja wangu wa kushoto alikuja siku nyingine na mwanawe wa miaka mitano hivi. Mtoto kakaa kwenye stuli anachezea vibanio, mimi nikainua mkono juu kuchukua kopo la mafuta kwenye shelfu, sikuwa hata namwangalia. Mtoto akajikunyata, mikono yote miwili kichwani, macho kafumba. Hakulia, hakusema kitu. Alikaa hivo hivo akisubiri. Mama yake aliona kwenye kioo na ndo siku aliyoanza kuniambia ukweli, maana mpaka pale na yeye aliamini mtoto huwa kalala.

Ukatili pia sio wa mume na mke tu. Kuna mawifi na mama wakwe wanaomtesa mke mpaka anakonda. Kuna watoto wakubwa wanaowapiga wazazi wazee ili wauze shamba. Na kuna dada wa kazi, hili tuseme kweli wanawake wenzangu, nimewasikia kwenye viti vyangu hivi hivi watu wakimlilia mume anayewafokea, halafu simu inaita ni binti wa kazi, na namna anavyoongeshwa binti wa watu wa miaka 15, nashindwa kuendelea kusuka. Wanaume pia wapo wanaopigwa, jirani yangu mmoja alimwagiwa uji wa moto mkononi, alipoenda kusema alichekwa, watu wakamwita majina, hakurudi tena. Wanaoumizwa zaidi na kuuawa majumbani ni wanawake, lakini kile kicheko alichochekwa kinatoka chungu kimoja na lile swali la "kwani umemfanyaje".

Niseme na ya polisi kwa ufupi, maana nimeenda mwenyewe. Nilimsindikiza yule mteja wangu wa kushoto kituo kimoja, sitakitaja. Pale kaunta afande wa kwanza akatuambia "haya ni ya nyumbani, mkayamalize." Tulikuwa tunageuka kuondoka, mama mmoja aliyekuja kwa mambo yake akatuonyesha kwa kichwa, mlango wa pembeni, Dawati la Jinsia na Watoto. Mule ndani ilikuwa nchi nyingine. Afande wa kike alitupa viti, akafunga mlango, akasikiliza bila kukatisha, akaandika, akatoa PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Kwa hiyo mjue, ukifika kaunta ukafukuzwa usikubali, uliza dawati liko wapi. PF3 ni bure, asikudai mtu hela. Daktari akiijaza vizuri ndo ushahidi wako, kwa hiyo mwambie kila panapouma hata kama pamefunikwa, hata kichwani. Hospitali nyingine kuna vituo vya mkono kwa mkono, polisi, daktari na ustawi wa jamii unawakuta hapo hapo. Kama umebakwa wahi ndani ya saa 72 upate dawa za kuzuia maambukizi ya Ukimwi, usisubiri kwanza uchungu upoe. Mtoto akiwa anateswa kuna namba 116, kupiga ni bure. Na jambo moja wengi wanalichanganya, habari ya baraza la usuluhishi la ndoa, hilo ni kwa ajili ya talaka, kwa kawaida unapita pale kabla ya kwenda mahakamani kudai talaka. Kupigwa ni jinai, huhitaji barua ya baraza wala ruhusa ya wazee kwenda kuripoti.

Yule dada hakuondoka siku ile. Alirudi nyumbani na PF3 kaikunja kwenye sidiria. Wiki mbili baadaye kesi akataka kuifuta, mama mkwe alikuja kumpigia magoti. Zamani ningemkasirikia, ningesema basi amependa mwenyewe. Safari hii nilimwambia maneno matatu ambayo nimejifunza kuyasema badala ya maswali. Nakuamini. Hukukosea. Nipo. Sikumwambia aondoke, sikumwambia avumilie, nilimuuliza tu unahitaji nini kwangu, akafikiri sana, akasema "naomba unitunzie mfuko."

Akawa kila akija kusuka analeta kitu kimoja. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto kwenye bahasha ya kaki. Kadi ya kliniki. Kitambulisho cha NIDA. Gauni moja, sweta ya mtoto, ile PF3. Elfu mbili, elfu tano, anazitoa kwenye chenji ya soko, nami nikaongezea kidogo kila nilipoweza bila kumwambia. Ilichukua miezi kumi na moja. Asubuhi moja siku ya kazi alikuja kabla sijafagia, watoto wawili na sare za shule, hakukaa, akasema tu "anti, leo", nikaingia ndani nikamtolea. Bajaji ilikuwa inasubiri nje injini haijazimwa.

Mfuko ulikuwa mahali ambapo sitapataja hapa. Pale pale sasa hivi kuna mwingine, wa mtu mwingine, una bahasha tu na jozi ya kandambili za mtoto, msaidizi wangu nimemwambia asiuguse hata kwa kufagia.